Megabaiti 317, ndani kimya

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilimrekodi bibi yangu hapa Pangani akisimulia kazi ya mashamba ya mkonge enzi za ujana wake. Kompyuta ni ya mtumba, ina mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04. Niliandika amri ya kurekodi, arecord -f cd bibi.wav, nikamwacha azungumze nusu saa. Faili lina megabaiti 317, lakini nikilicheza hakuna kitu. Nimelifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, naona mstari mnyoofu tu. Muziki kwenye hiyo hiyo kompyuta unasikika vizuri, kwa hiyo kadi ya sauti ni nzima. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Pangani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Kama bibi ana nguvu, rudi kwake wiki hii hii. Niliwahi kumrekodi mjomba wangu, fundi wa majahazi, nikatoka na kimya kama hicho chako, na nafasi ya pili sikuipata.

Ukubwa wa faili usikutie moyo. Hilo neno cd uliloandika linaiagiza kadi ichukue sampuli 44,100 kila sekunde, za biti 16, kwa chaneli mbili. Hizo ni baiti 176,400 kwa sekunde, bibi aseme au anyamaze. Zidisha kwa sekunde 1,800, utaipata 317 yako. Na muziki kusikika hakuthibitishi kitu, maana njia ya kutoa sauti na ya kuingiza ni mbili, kila moja na mlango wake.

Lililonisaidia katika barua yako ni neno “mnyoofu”. Vuta picha ya mawimbi karibu kadiri Audacity inavyoruhusu. Maiki iliyo wazi, hata chumba kikiwa kitupu, huacha vinyweleo: feni, upepo, umeme wa kadi yenyewe. Mstari usio na unywele hata mmoja, mara nyingi maana yake mlango umefungwa ndani ya kompyuta. Vinyweleo vikiwepo lakini sauti ya mtu haipo, tatizo liko kwenye maiki au waya wake.

Basi tuanzie ndani. Kama kibodi yako ina kitufe chenye picha ya maiki, hakikisha taa yake haionyeshi kwamba imezimwa. Kisha fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika alsamixer. Hapa ndipo wengi wanapotea: juu wanaona imeandikwa PulseAudio, wanapandisha sauti, wanaridhika. Huyo ni msimamizi wa sauti tu, si kadi. Bonyeza F6 uchague kadi yenyewe, halafu F4 uone upande wa kurekodi. Tafuta nguzo iitwayo Capture. Chini yake panatakiwa pawe na neno CAPTURE kwa rangi nyekundu. Ukiona vistari tu, imefungwa. Bonyeza kitufe kirefu cha nafasi. Nguzo za Mic Boost, zinazokuza sauti ya maiki, zianzie desibeli 10. Ukizipeleka 30, feni ya kompyuta itamfunika bibi. Ukitoka, andika sudo alsactl store ili mpangilio uhifadhiwe.

Sasa jaribu, kabla hujapanda daladala. Andika arecord -l upate namba ya kadi na ya kifaa. Kama zote ni sifuri, andika arecord -D plughw:0,0 -f cd -vv -d 10 jaribio.wav, kisha gonga maiki kwa ukucha. Alama za # zirefuke kila unapogonga. Baada ya sekunde 10 lisikilize faili kwa masikio yako. Ukiambiwa Device or resource busy, kuna programu nyingine imeishikilia kadi; fuser -v /dev/snd/* itakuonyesha ni ipi.

Mlango ukiwa wazi na # zimelala, chomoa maiki uitazame pini. Hesabu pete nyeusi. Kompyuta nyingi za sasa zina tundu moja la maiki na earphone pamoja, na hilo linataka pini ya pete tatu. Maiki za kamera mara nyingi zina pete mbili: inaingia vizuri, inakaza, lakini sehemu inayobeba sauti inagusana na waya wa ardhi. Kompyuta inadhani umechomeka earphone. Dawa ni kile kiwaya cha kugawa chenye matundu mawili, moja la maiki, moja la earphone.

Ukifika kwa bibi, rekodi sekunde 10 za salamu, sikilizeni pamoja, ndipo umwombe aanze na mkonge.

SWALI: Mwalimu, natumia mfumo endeshi wa OpenBSD. Narekodi kwa amri ya aucat -o, hakuna kosa linaloonyeshwa, lakini kila faili ni kimya. Maiki nimebadilisha mara mbili.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Usinunue ya tatu. Tangu toleo la 6.4, la Oktoba 2018, OpenBSD huja na kurekodi kumezimwa, ili programu isikusikilize bila ruhusa yako. Programu inapewa sifuri tupu, ndiyo maana huoni kosa. Kwa mamlaka ya root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, andika sysctl kern.audio.record=1. Naunga mkono uamuzi huo wa watengenezaji, kwa hiyo nakushauri usiliweke agizo hili kwenye /etc/sysctl.conf, faili linalosomwa kila kompyuta inapowashwa. Washa unapotaka kurekodi, ukimaliza irudishe kwenye 0.