Monita Imekwama 1024x768 Kwenye Linux? Usifomati, Anza na Waya

Msomaji ameniandikia wiki hii. Kaweka Linux Mint kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, kila kitu kinakwenda vizuri, ila picha imevutika kwa upana, maandishi yana ukungu, na kwenye mipangilio ya skrini haoni ukubwa wowote unaozidi 1024x768. Monita yake ni ya 1600x900. Fundi kamwambia dawa ni kufomati na kupiga Windows.

Jibu langu ni hapana, na nalitoa hapa hadharani kwa sababu ushauri huo unasikika kila mahali na unaniuma. Unamwondoa mtu kwenye mfumo ulio mzima kwa kosa ambalo mara nyingi liko kwenye waya.

Linux hujua ukubwa wa monita kwa kuiuliza. Ndani ya monita kuna taarifa fupi inayoitwa EDID, baiti 128 kwa kawaida, yenye jina la monita na vipimo inavyovikubali. Kwenye waya wa VGA, taarifa hiyo hupita pini namba 12 na 15. Pini hizo zisiposhika, rangi zinapita kama kawaida na picha inatokea, lakini kompyuta haijui inazungumza na monita gani. Basi inachagua ukubwa ambao karibu monita zote zinauweza, ndiyo hiyo 1024x768. Hapo Linux haijaharibika, inajihadhari.

Kabla ya kugusa waya, hakikisha draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha, inafanya kazi. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D'

Tafuta mstari wa "Kernel driver in use". Kwa Intel utaona i915, kwa AMD utaona amdgpu au radeon, kwa NVIDIA ni nouveau au nvidia. Kama mstari huo haupo kabisa, andika cat /proc/cmdline uone kama kuna neno nomodeset. Watu huliongeza wakati wa kusakinisha ili kukwepa skrini nyeusi, kisha hulisahau humo. Likiwepo, draiva halisi haishiki kadi, na hakuna amri ya ukubwa itakayosaidia. Lifute kwenye faili /etc/default/grub, andika sudo update-grub, uwashe upya. Skrini ikirudi kuwa nyeusi, kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijawaka, bonyeza e, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl+X. Hiyo ni ya kuwaka mara moja tu, ikupe nafasi ya kuweka draiva inayofaa.

Draiva ikiwa sawa, pima EDID yenyewe:

wc -c /sys/class/drm/card*-*/edid

Usitumie ls -l hapa. Kwa mafaili haya huonyesha sifuri hata taarifa ikiwepo, na wengi wamepotoshwa na sifuri hiyo. Ukiona 128 au 256 mbele ya tundu unalotumia, monita imejibu. Ukiona 0, haijajibu, na hapo ndipo pa kushughulikia.

Sasa njoo kwenye waya. Shika ncha ya VGA, upande mpana juu, pini zikikutazama. Safu ya chini, kutoka kushoto, inaanza na pini 11 na kuishia na 15. Unazozitaka ni ya pili na ya mwisho. Angalia kama zimo, kama hazijapinda. Nyaya za bei rahisi zinaweza kuwa na pini zote nje huku ndani hakuna uzi uliounganishwa, kwa hiyo macho hayatoshi: weka mita ya umeme kwenye mlio, gusa 12 kwa 12, 15 kwa 15, ncha zote mbili. Usiposikia mlio, waya huo utupe. Angalia pia pini 9, inayobeba volti 5 za kuwezesha taarifa hiyo kusomeka. Kama haipo, jaribu kuwasha monita kwanza ndipo uwashe kompyuta. Na kama kuna kigawanyio au adapta katikati, kitoe kwanza upime bila hicho.

Huna waya mwingine leo? Basi iambie kompyuta vipimo wewe mwenyewe. Kwanza hakiki aina ya kikao kwa echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu x11, kama ilivyo kawaida ya Mint, andika cvt 1600 900 ikupe namba, kisha:

xrandr --newmode "1600x900_60.00" 118.25 1600 1696 1856 2112 900 903 908 934 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 1600x900_60.00
xrandr --output VGA-1 --mode 1600x900_60.00; sleep 15; xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768

Jina VGA-1 lisome kwanza kwa kuandika xrandr peke yake, maana mashine nyingine huandika VGA1. Zile sekunde 15 ni kinga: monita ikikataa na kuzima, picha ya zamani inarudi yenyewe. Ikikubali, rudia mstari wa mwisho bila sleep na kilichofuata.

Kwa 1920x1080 kuna mtego. Amri cvt ya kawaida inatoa kasi ya pikseli ya megahezi 173, ambazo VGA inazimudu, lakini DVI ya njia moja na HDMI za zamani zinaishia 165. Ndiyo maana watu hukutana na ujumbe wa "Configure crtc 0 failed". Tumia cvt -r 1920 1080, ishuke hadi 138.5.

Mipangilio ya xrandr hufutika ukizima. Ili ikae, na ili ifanye kazi hata kwenye Wayland, ile aina nyingine ya kikao isiyo x11, ambako xrandr haiwezi kuongeza ukubwa mpya, ongeza hii ndani ya alama za nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT kwenye /etc/default/grub, kisha sudo update-grub:

video=VGA-1:1600x900M@60

Hapa jina ni lile la keneli, yaani kiini cha Linux, lile uliloliona kwenye /sys/class/drm bila card0 mbele. HDMI-1 ya xrandr huku inaitwa HDMI-A-1. Ukikosea jina, mstari wote unapuuzwa kimyakimya. Ukipata waya mzuri baadaye, ufute mstari huo, uwashe upya, urudie ile amri ya wc. Namba ikiwa 128 au 256, monita itajieleza yenyewe.