Jibu: Mfanyakazi hataki kupanda boti ya Pemba, nimpe onyo?
Waalaykum salaam dada. Umeuliza kama umwandikie barua ya onyo kijana wa stoo anayekwepa safari za boti za Pemba, na umesema alinusurika MV Spice Islander, ile meli iliyozama ikienda Pemba. Usimwandikie. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huo si uvivu: mwili wake bado uko kwenye mkondo wa Nungwi, Septemba 2011.

Mwite faragha, si mbele ya wenzake. Usimtake asimulie; hapo ndipo wenye nia njema hukosea, humchimba mtu mpaka usiku halali. Muulize tu: safari ipi unaiweza? Pengine ataomba ndege ya kushukia Chake Chake, Pemba, au abaki na kazi za Unguja, mwenzake aende. Mwache achague mwenyewe, maana siku ile baharini hakuchagua chochote.

Akiwa hapati usingizi au anashtukashtuka, Kidongo Chekundu, hospitali ya akili ya Unguja, wapo, ingawa jina lile watu hulikimbia, kwa hiyo usianze nalo.

Ila dada, umeandika kwamba mara tatu alisingizia homa. Kwa nini hakukwambia ukweli? Mimi ningeanza na hilo, kabla hata ya nauli ya ndege.