Chai ikikatika, kosa si la tangawizi

Swali la wiki: kwa nini chai ya maziwa hukatika ukitia tangawizi mbichi, na itiwe wakati gani kwenye vyakula vingine?

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini. Kikikutana na maziwa yanayopata moto taratibu, kinayagandisha. Kikichemshwa vizuri, kinakufa. Basi itangulie majini. Kwa vikombe 2 vya maji, ponda gramu 20 hivi, chemsha dakika 8, tia majani, halafu vikombe 2 vya maziwa. Maziwa yaliyolala na kuanza uchachu yatakatika hata bila tangawizi, kwa hiyo chemsha kidogo peke yake kwanza uyaone.

Kwenye nyama kimeng'enya hichohicho ni msaada mkubwa. Kilo 1 ya ng'ombe inatosha kijiko kikubwa kimoja cha tangawizi iliyokunwa, ikae dakika 30 hadi saa nzima. Ukiilaza usiku kucha, nyama inalegea juu na kuwa kama uji.

Maharage ndiyo yanayoharibiwa zaidi huku kwetu. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo maharage hukaa jikoni muda mrefu kuliko Pwani. Ukiitia tangawizi tangu mwanzo, harufu yote inakwenda na mvuke na ukali unapoa. Yachemshe matupu mpaka yaive. Kaanga vitunguu hadi viwe vya kahawia, tia kijiko kikubwa cha tangawizi, koroga nusu dakika tu, kisha nyanya. Ikiungua kwenye mafuta inakuwa chungu, na nyanya haitaficha uchungu huo. Ukikaribia kuepua, ongeza nusu kijiko cha chai cha tangawizi mbichi. Hapo ndipo harufu inaponukia mezani.

Kwa vitu vitamu, napendekeza tangawizi ya sukari. Sokoni Mwanjelwa chagua changa, ya ganda jembamba, inayokatika kwa mlio ukiikunja. Iliyokomaa ina nyuzi ambazo hata upike vipi hazitafuniki. Iparue ganda kwa kijiko, kata vipande vya milimita 3 kukatisha nyuzi. Chemsha dakika 10, mwaga maji, rudia, kisha chemsha kwa maji mapya mpaka kisu kiingie bila kusukumwa. Usiharakishe hapa: sukari ikiingia kabla tangawizi haijalainika, tangawizi inakauka na kuwa ngumu, na hailainiki tena. Ikishalainika, pima uzito wake, weka sukari uzito uleule na maji kikombe 1, pika kwa moto mdogo hadi shira iwe nzito. Chuja, viringisha kwenye sukari, anika kwenye chekeche usiku mmoja.

Shira inayobaki ni tamu kwenye juisi ya parachichi, pamoja na ndimu nusu.