Nilifunga mota ya friji kwenye kompyuta, nikaishia kwenye mtungi

Mwezi wa Januari hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, chumba changu cha mabati kisicho na dari kinafika digrii 35 ikigonga saa nane mchana. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na harusi za Desemba zote hudaiwa Januari. Prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya wati 95. Nikianza kurenda, yaani kompyuta kuichakata video iliyohaririwa iwe faili la mwisho, inapanda hadi digrii 98, kisha inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Video moja inakula usiku kucha, na asubuhi bwana harusi anapiga simu kabla sijanywa chai.

Shangazi alikuwa na friji ya zamani, mlango umeliwa na kutu lakini mota bado inavuma vizuri. Unaona mwenyewe wazo lilikotoka.

Kwanza niwaonye wanaotaka kuiingiza kompyuta nzima ndani ya friji na kufunga mlango. Friji ya nyumbani imeundwa kupoza maziwa na nyama, vitu ambavyo vikishapoa vimepoa. Mota inazunguka kidogo, inapumzika. Kompyuta ni jiko. Inatoa wati 150 au zaidi mfululizo, kwa hiyo mota haipumziki hata dakika moja, nayo itakufa kabla ya kompyuta. Hilo sikulijaribu, fundi wa friji alinicheka mapema.

Nilichofanya ni hiki: nilitoa bamba la barafu kwenye friji, nikalikunjua taratibu na kulizamisha kwenye sanduku la kubebea soda lililojaa maji. Pampu ndogo ya volti 12 ikawa inavuta maji hayo baridi na kuyapitisha kwenye kibamba cha shaba kilichofungwa juu ya prosesa, kisha yanarudi sandukuni. Gesi ikabaki ndani ya mabomba yake. Yule fundi alilisema mara tatu: "Kijana, kunja, usikate." Nami nawarudishia. Soma kibandiko kwenye mota. Ikiwa imeandikwa R600a, hiyo ni gesi inayowaka, jamii moja na ya kupikia, na mwenye kusogeza moto wa kuchomelea hapo anajitafutia msiba. Ikiwa ni R134a haitawaka kirahisi, ila kilo yake moja ikitoka angani inapasha dunia joto kama kilo 1,400 hivi za kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana nchi zilikubaliana Kigali, mwaka 2016, kuzipunguza gesi za aina hiyo. Ikibidi bomba likatwe, mwachie mwenye mashine ya kuivuta gesi na kuihifadhi.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: bamba la friji ni la alumini, kibamba cha prosesa ni cha shaba. Viweke kwenye maji mamoja ya kawaida na alumini italiwa polepole mpaka itoboke. Tumia kulanti ya gari yenye dawa ya kuzuia kutu.

Basi, nikawasha. Baada ya saa moja na nusu maji yalikuwa digrii 8 na prosesa, ikiwa inarenda kwa nguvu zote, ilisoma 41. Nilipiga picha kioo nikawatumia marafiki wote. Wiki sita nilikuwa mfalme.

Mwisho wa Machi mvua ikaanza. Siku ya tatu ya mvua kompyuta ilizima ghafla, haikuwaka tena. Nilipofungua nikakuta mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imelowa kuzunguka prosesa, na matone yananing'inia kwenye mipira ya maji kama kwenye chupa ya soda iliyotoka barafuni. Hakuna mpira uliovuja. Yale maji yalitoka hewani.

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na laiti ningelijua kabla ya kununua pampu. Kila hewa ina kiwango chake cha umande: kitu chochote kilicho baridi kuliko kiwango hicho kitalowa, hata ukikifunika kwa sala. Kiangazi, chumba kikiwa digrii 35 na unyevu wa hewa asilimia 25, umande unaanza kwenye digrii 12. Kwa kweli hata wakati huo maji yangu ya digrii 8 yalikuwa yanavuka mpaka. Lililoniokoa ni kwamba hewa ilikuwa kavu, na kijasho chochote kilikuwa kidogo mno hata nisikione. Masika ni kitu kingine. Chumba kikiwa digrii 26 na unyevu asilimia 85, umande unaanza kwenye 23. Piga hesabu: kati ya hewa ya chumba na hatari kuna digrii 3 tu. Mota yote ile, kelele yote ile, kwa digrii 3.

Kama bado unaitaka, sikukatazi. Weka themostati ya kidijitali ndani ya maji, pima unyevu wa chumba kila siku, na usiruhusu maji yashuke chini ya umande. Mimi ningeacha digrii 2 au 3 za akiba juu yake. Funga friji gadi, kile kifaa kinachouchelewesha umeme uliorudi, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi papo hapo mota inataka kuanza ikiwa bado na mgandamizo ndani, inakwama na kuungua. Inahitaji dakika 3 hadi 5 itulie. Na usiitegemee UPS ndogo ya mezani (ile betri ya akiba ya kompyuta) kuiwasha, maana mota ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishazunguka. Yangu ilikula wati 120, yaani karibu uniti nzima ya umeme kwa saa nane.

Mazabodi mpya ilinichukua miezi miwili ya kudunduliza. Nilipoipata nilianza na kile nilichopaswa kuanza nacho: brashi. Vumbi jekundu lilikuwa limejaza mapezi ya kipozeo kama tope kwenye matairi ya bodaboda. Nikalitoa, nikabadilisha pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo, iliyokuwa imekauka kama unga, na kwa kazi ya nusu saa nikapata digrii 9. Bure.

Kisha mtungi. Mtungi wa udongo unatoa jasho, jasho linakauka na kuondoka na joto. Uzuri wake kwa kazi hii ni kwamba maji yanayopozwa hivyo hayawezi kamwe kuwa baridi kuliko kiwango cha umande. Kabla hayajafika huko, joto linaloingia kutoka hewani linalingana na lile jasho linaloondoa, na maji hayashuki zaidi. Kwa hiyo mtungi hauwezi kuilowesha kompyuta, hata ukisahau kila kitu.

Nimezamisha koili ya shaba ndani ya mtungi wa lita 20, na maji safi ya kuongezea betri (si asidi) yanazunguka humo kwenda kwenye kibamba na kurudi. Usipitishe maji ya mtungi yenyewe kwenye kibamba, udongo utaziba njia zake. Mama aliyeniuzia aliniuliza nautaka wa nini, nilipomweleza akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, usiupake rangi, na uuweke penye upepo." Maneno hayo mawili yana faida kuliko video zote nilizotazama. Rangi inaziba vitundu, na bila upepo jasho halikauki. Nimeuelekezea feni.

Kiangazi maji hushuka hadi 23 na prosesa inakaa kwenye 60 na kitu. Lakini tusidanganyane: wati 100 zinapandisha lita 20 za maji digrii 4 hivi kwa saa, na ili kuziondoa zote kwa jasho lazima mtungi ukaushe takriban lita 3 na nusu kwa siku. Mtungi mmoja hauwezi mfululizo. Mimi narenda kwa muda wa saa tatu, naupumzisha, na wa pili nauleta Desemba. Masika haunisaidii sana, ila masika hewa yenyewe ni ya baridi, feni inatosha.

Ufunike kwa kitambaa, mbu wasitage. Na andika kwa chaki ubavuni "si ya kunywa", kwa sababu mgeni wa juzi aliuona mtungi, akachukua kikombe, akachota, na mimi nilikuwa nimevaa hedifoni.