Kabla Hujanunua Betri Mpya, Tafuta Kilichoiua ya Zamani

Jumatatu tatu mfululizo gari langu liligoma kuwaka. Siku nyingine zote za wiki lilikuwa linawaka bila shida, lakini ikifika Jumatatu asubuhi nazungusha ufunguo nasikia tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia, basi. Kila niliyemweleza alinipa jibu moja: betri imekufa, nunua nyingine. Nikanunua. Baada ya wiki tano hivi ile mpya nayo ikanifanyia yaleyale, na ilikuwa Jumatatu tena.

Betri yangu ya kwanza ilikuwa imekufa kweli, hilo sikatai. Kosa langu ni kwamba sikuuliza imeuawa na nini. Tangu siku hiyo kila rafiki anayeniambia gari lake haliwaki namwomba asitoe pesa mpaka tumepima, na mara nyingi tumegundua kwamba tatizo liko kwingine kabisa.

Anza kwa kusikiliza. Injini ikizungushwa kwa nguvu na kasi yake ya kawaida lakini haishiki moto, achana na betri, angalia mafuta na plagi. Ikizungushwa kwa uvivu, kama mtu anayepandisha mzigo mlimani, au ukasikia ile tik-tik ya harakaharaka, umeme unaofika kwenye stata, ile mota inayozungusha injini, ni mdogo. Ukisikia mlio mmoja mzito, tak, kisha kimya, stata yenyewe inaweza kuwa na hitilafu, au waya mmoja haujakaza. Washa taa kubwa kisha jaribu kuwasha gari: zikizimika karibu kabisa, shida iko kwenye betri au maungio yake; zikibaki na mwanga uleule huku injini haitikisiki, umeme upo ila haufiki kwenye stata, au stata yenyewe ni mbovu.

Baada ya hapo fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale unazuia umeme kupita, na unaweza kuifanya betri nzima ionekane mbovu. Shika kila klempu, kile kibano cha waya kwenye kichwa cha betri, uitikise kwa mkono. Ikicheza, umeshapata la kurekebisha kabla ya kwenda dukani. Fuata pia waya mweusi mpaka pale ulipofungwa kwenye bodi au injini, kwa sababu upande huo watu huusahau, na kutu ya pale inazuia umeme sawasawa na ile ya kwenye betri.

Sasa mita. Multimita, kifaa cha kupima umeme, hata ya bei ndogo inatosha kabisa, na kwa maoni yangu kila mwenye gari anastahili kuwa nayo. Betri ya gari ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi, kwa hiyo ikijaa inasoma kama 12.6. Volti 12.4 maana yake imebaki na robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imekaribia kuisha. Ila usipime mara tu baada ya kuzima injini, maana betri iliyotoka kuchajiwa hutoa namba kubwa isiyo ya kweli. Iache saa kadhaa, au vizuri zaidi usiku kucha.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.6 ikiwa imetulia, halafu ikaanguka ikibebeshwa mzigo. Mwombe mtu azungushe ufunguo huku wewe ukiangalia mita. Kama hali ya hewa si ya baridi kali, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka mpaka 8 au 7 ilhali betri ilikuwa imejaa, hiyo imekwisha. Gari likiwaka, pima tena bila kuhamisha chochote: unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.7. Ukiona 12 na kitu na zinazidi kushuka, alternata, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji, au mkanda wake unateleza, na betri mpya utakayoweka itaishia njiani vilevile. Zikipita 15, alternata inachaji kupita kiasi na inaipika betri.

Hapa niseme jambo linaloniumiza. Bado kuna mafundi wanaopima alternata kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, ati ikiendelea kunguruma basi alternata ni nzima. Tafadhali mkatalie fundi anayetaka kufanya hivyo kwenye gari lako. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari zima. Ukiiondoa ghafla volti zinaruka juu na zinaweza kuunguza kompyuta za gari pamoja na alternata yenyewe. Mita inakupa jibu hilohilo bila kuharibu kitu.

Turudi kwenye Jumatatu zangu. Alternata ilisoma 14.2, klempu zilikuwa safi, betri mpya ikijazwa ilistahimili kipimo cha kuwasha. Ikabaki swali moja: kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limelala? Nikachomoa waya wa hasi, ule mweusi, nikaiweka mita kati ya waya huo na kichwa cha betri, ikiwa kwenye kipimo cha ampia 10. Ukifanya hivi usijaribu kuwasha gari hata kidogo, maana stata inavuta ampia nyingi mno na utaunguza fyuzi ya mita. Funga milango, kisha subiri hata nusu saa, kwa sababu kompyuta za gari huchukua muda kulala. Magari mengi yakishalala huvuta chini ya miliampia 50. Langu lilikuwa linavuta 600, yaani ampia 0.6.

Nilichomoa fyuzi mojamoja. Nilipofika ya redio, namba ikaporomoka. Aliyenifungia kikuza sauti aliunga waya wake mahali penye umeme wakati wote, kwa hiyo kilikuwa hakizimiki hata nikitoa ufunguo. Piga hesabu: ampia 0.6 kwa saa 10 za usiku ni ampia-saa 6, kiasi ambacho safari ya asubuhi inaweza kukifidia. Lakini kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni saa 60 na zaidi, yaani kama ampia-saa 36 kutoka kwenye betri ya 60. Kinachobaki kinaweza kisitoshe kuzungusha injini.

Na hasara haikuishia kwenye kuchelewa kazini. Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe mara moja. Ukiiacha tupu, salfeti ya risasi (ile metali nzito) inaganda kwenye sahani zake za ndani, na ikikaa muda haiyeyuki tena. Kila Jumatatu ile ilikuwa inakata kipande cha uhai wa betri. Joto nalo linaila kimyakimya, ingawa watu wengi huilaumu baridi. Baridi mara nyingi hufichua udhaifu ambao joto lilishaufanya miezi kadhaa nyuma.

Kama vipimo vyote vinaonyesha betri ndiyo imechoka, na hasa kama imefikisha miaka mitatu, minne au mitano, ibadilishe kwa moyo mweupe. Chukua yenye vipimo vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari: ukubwa wa umbo, ampia-saa, nguvu ya kuwashia, na upande ambao chanya imekaa, maana ikiwa kinyume waya hautafika. Gari linalojizima lenyewe kwenye foleni kisha kujiwasha linahitaji aina yake maalumu, AGM au EFB. Ukiliwekea ya kawaida haitadumu. Baadhi ya magari mapya hata yanataka kompyuta ijulishwe kwamba betri imebadilishwa. Angalia tarehe ya kutengenezwa pia. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuzeeka.

Katika kufungua, hasi hutoka kwanza. Sababu yake ni hii: bodi nzima ya gari imeungwa na hasi, kwa hiyo spana yako ikigusa chuma wakati unafungua chanya ilhali hasi bado imefungwa, utapata cheche kubwa, na betri hutoa gesi ya hidrojeni inayoweza kulipuka. Ukishaondoa hasi hatari hiyo inaisha. Wakati wa kufunga ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Vua pete na saa, vaa miwani na glavu, na uinyanyue kwa magoti wala si kwa mgongo, kwani nyingi zina uzito wa kilo 15 au zaidi. Safisha klempu kwa brashi ya waya na maji ya moto yenye baikabonati ya soda, zikaushe, kaza hadi zisizunguke kwa mkono lakini usitumie nguvu zote kwa sababu risasi ni laini. Pakaza mafuta ya mgando juu. Halafu rudisha kile chuma kinachoishikilia betri. Wengi hukiacha, na betri inayorukaruka barabarani sahani zake hupukutika mapema.

Ukilazimika kuazima umeme wa gari lingine, klempu ya mwisho, ile nyeusi, ifunge kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri yake, kwa sababu ya gesi ileile. Na betri iliyoisha kabisa usiitegemee ijae kwa safari fupi; ipeleke kwenye chaja usiku mzima.

Ile ya zamani usiitupe jalalani wala kuiacha uani. Ndani yake kuna risasi na asidi ya salfuriki. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na watoto hushika kila wanachokiona chini. Muulize anayekuuzia mpya kama anapokea kuukuu, kwani wengi huipokea ikayeyushwe kwa kutengenezea nyingine. Mpaka utakapoipeleka, isimamishe wima kwenye beseni la plastiki, mahali ambapo mtoto hafiki.