Maswali Yenu: Marubani Wenye Majina Makubwa, Ukiwajua kwa Karibu Walikuwa Watu wa Namna Gani?

Toleo lililopita tuliandika kidogo kuhusu ndege za zamani na uwanja wa Port Reitz, huu ambao leo twauita Moi International, na barua zimekuja nyingi. Wengi hamkuuliza kuhusu ndege, mwauliza kuhusu watu waliozirusha. Nimechagua barua nne.

Salaam mhariri. Mie naishi Magongo, ndege zapita juu ya paa letu mchana na usiku, na mwanangu wa miaka 16 kazipenda mpaka kabandika picha ukuta mzima. Shida ni kuwa imemwingia akilini ati rubani ni mtu asiyeogopa kitu, sasa akipewa pikipiki ya mjombake aikimbiza barabara ya eapoti bila helmeti, nikimgombeza anambia "mama, marubani hawaogopi". Ni kweli hayo? (Mama wa Magongo)

Mamangu, pole kwanza. Mkalishe huyo kijana umsomee haya, manake hao hao anaowasifu ndo wangekuwa wa kwanza kumnyang'anya ufunguo.

Anza na Manfred von Richthofen, yule Mjerumani wa vita vya kwanza vya dunia mwenye ndege nyekundu, aliyeangusha ndege 80 za maadui. Ukisikia jina lake wadhani alikuwa mtu wa kubiruka angani kama mwenye wazimu, kumbe michezo ya angani wala hakuijali, alikuwa mwindaji tangu utotoni na huko juu alifanya vile vile afanyavyo mwindaji, akae juu, jua liwe mgongoni kwake limpige mwenziwe machoni, asogee karibu kabisa ndo apige, na akiona hesabu haijakaa sawa aenda zake. Alikuwa na mbwa mkubwa akiitwa Moritz, walilala kitanda kimoja. Na kila akiangusha ndege aliagiza kikombe kidogo cha fedha kwa sonara Berlin, kimechongwa tarehe, mpaka vikafika kama 60 fedha ikaadimika Ujerumani ikabidi aache. Hapo kwenye vikombe mie simpendi, manake kila kikombe ni mtoto wa watu. Lakini Julai 1917 alijeruhiwa kichwani kwa risasi akapona kwa tabu, na baada ya hapo aliandika mwenyewe kuwa kila akirudi kutoka vitani roho huwa nzito, hataki hata kuonana na mtu. Huyo ndo tunaambiwa hakuogopa. Aprili 1918 akaivunja kanuni yake mwenyewe, akamfukuza adui akiwa chini chini mpaka upande wa pili, akauawa kabla hajatimiza miaka 26.

Halafu kuna Chuck Yeager wa Marekani, mtu wa kwanza kuipita kasi ya sauti, 14 Oktoba 1947. Vijana waipenda sana ile stori ya mbavu: siku mbili kabla ya safari alianguka farasi usiku, mbavu mbili zikavunjika, akaficha, akamwambia mkewe na rafikiye Jack Ridley peke yao, na kwa vile hakuweza kuunyoosha mkono kufunga mlango wa ndege Ridley akamkatia kipande cha mpini wa ufagio awe akisukumia. Stori ni ya kweli. Ila haisimuliwi kuwa huyo huyo Yeager aliingia jeshini kama fundi, na mara ya kwanza kupandishwa ndege alitapika hadi akajiapia hapandi tena. Kilichomweka hai mpaka 2020, miaka 97, ni ule ufundi. Alikuwa akitaka kujua kila bomba na kila swichi ya ndege kabla ya kuirusha, akiuliza na kuuliza tena, hana haya ya kuuliza.

Neil Armstrong naye, kabla hajaenda mwezini, Mei 1968 alikuwa akifanya mazoezi na chombo fulani kikamshinda kikiwa karibu na ardhi, akajirusha nje na kiti, parashuti ikafunguka, nyuma yake chombo kikalipuka. Mwenzake alipokwenda ofisini alimkuta Armstrong kaketi mezani apanga makaratasi kama kwamba hakuna lililotokea. Watu huliita hilo ukavu wa macho, mie naona ni mtu aliyejifunza kuuweka woga wake mahali pake ili kazi iendelee.

Wa mwisho nimpendaye zaidi ya hao wote ni Chesley Sullenberger. Tarehe 15 Januari 2009 ndege yake ilipigwa na bata bukini mara tu baada ya kuruka New York, injini zote mbili zikafa, akaitua kwenye mto Hudson na watu 155 wote wakatoka hai. Tangu ndege wale waigonge mpaka akagusa maji ni sekunde 208. Kabla hajatoka alitembea ndani ya ile ndege inayojaa maji mara mbili, kutoka mbele mpaka nyuma, ahakikishe hakuna aliyebaki. Sasa sikiliza huyu mtu alivyo: ndani ya ndege alikuwa na kitabu cha kuazima maktaba, kikazama, na pamoja na yote yaliyompata akawaarifu wenye maktaba kuwa kitabu chao kitachelewa. Kila akisifiwa alimtaja msaidizi wake Jeffrey Skiles na wahudumu. Na hakuficha kuwa baadaye usingizi ulimpotea, usiku alikuwa akiirudia safari ile kichwani. Mwanao akitaka rubani wa kubandika ukutani ambandike huyo, na helmeti avae.

Bwana mhariri, hapa Takaungu wazee hutaja mzungu wa ndege aliyekuwa na nyumba huku karibu na bahari zama za ukoloni, kisha akafa Voi. Alikuwa nani, na ni kweli alikuwa tajiri wa starehe tu? (Msomaji, Takaungu)

Ndugu yangu, huyo ni Denys Finch Hatton, na wazee wasema kweli, nyumba alikuwa nayo hapo kwenu. Jina lake limetembea kwa sababu ya mapenzi yake na Karen Blixen wa Ngong, yule mwandishi wa Kidenmaki, kwa hivyo watu humchukulia kama bwana wa mvinyo na santuri. Starehe alizipenda ndiyo, aliwaongoza wana wa wafalme kwenye safari za kuwinda, mrithi wa kiti cha Uingereza alisafiri naye 1928 na 1930. Lakini huyo huyo mwindaji ndo aliyeandika kwenye magazeti ya London mwaka 1929 akiwashutumu waliokuwa wakiua simba Serengeti wakiwa wamekaa kwenye magari, akitaka wanyama wahifadhiwe, na yeye mwenyewe akazidi kuegemea kwenye kamera kuliko bunduki. Alikuwa mtu asiyeshikika, hakai mahali, hafungwi na mtu, na waliompenda waliumia kwa hilo.

Ndege yake ilikuwa Gipsy Moth ndogo ya watu wawili. Asubuhi ya 14 Mei 1931 aliruka kutoka uwanja wa Voi, akazunguka, ndege ikaporomoka ikawaka moto. Akazikwa vilima vya Ngong, kaburi lina mnara mpaka leo, wageni hupelekwa kuliona. Na mle ndani ya ndege alikuwako mtu mwingine. Alikuwa mtumishi wake, Mkikuyu akiitwa Kamau, naye alikufa pale pale. Mie jambo hili laniuma kila nikisoma habari zao. Kurasa na kurasa zimeandikwa kuhusu macho ya Denys na kofia ya Denys, Kamau apewa nusu ya sentensi. Kama wazee wa Takaungu au wa Voi wana lolote walilolisikia kuhusu Kamau, hata jina la pili, twaomba mtuletee.

Siku hizo kulikuwa na mwengine aliyekuwa karibu apande ndege ile. Beryl Markham mwenyewe ameandika kuwa Denys alimwalika waende pamoja Voi kutafuta ndovu kutoka angani, na mwalimu wake wa urubani Tom Campbell Black akamzuia, ana wasiwasi tu moyoni. Beryl alizaliwa Uingereza 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka kama minne, mamake akarudi kwao akamwacha na baba huko Njoro. Kalelewa na watoto wa Kinandi, akiwinda nao kwa mkuki, Kiswahili kinamtoka vizuri. Magazeti yalimfanya bibi mrembo wa angani. Ukweli ni kuwa alikuwa mtu wa farasi kwanza, aamka alfajiri, mikono imekomaa, mkali kwa wafanyakazi wa zizi lakini kwa farasi mpole ajabu.

Jioni ya 4 Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, ambako upepo wakujia usoni njia nzima. Redio hana. Jim Mollison, aliyevuka kabla yake, alimwazima saa yake ya mkononi. Akapita usiku kucha kwenye dhoruba, barafu ikaziba njia ya hewa ya tangi, mafuta hayafiki injini, na baada ya zaidi ya saa 20 akachomeka pua ya ndege kwenye tope la kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Akatoka na jeraha la kichwa akaanza kutembea. Dunia nzima ikampigia makofi, yeye amenuna, manake alitaka kufika New York. Ndivyo alivyokuwa, hakujua kuridhika wala kuweka pesa, na uzeeni alikuwa akiishi kwa shida kwenye kinyumba karibu na uwanja wa mbio za farasi Nairobi mpaka kumbukumbu zake za 1942 zilipochapwa tena 1983 ndo akapata nafuu. Akafa Agosti 1986.

Mhariri, Charles Lindbergh mwamsifu kila mara. Mie nilisoma kuwa alikuwa na familia za siri. Mbona hamsemi? (Kijana wa Tudor)

Twasema. Mei 1927 akiwa na miaka 25 aliruka New York mpaka Paris peke yake, saa 33 na nusu bila kulala, na hilo hakuna wa kumpokonya. Aliweza kwa sababu alikuwa mtu wa orodha, kila kitu kakipima na kukiandika, hata uzito wa karatasi. Orodha hizo hizo akazileta nyumbani, watoto waitwa mmoja mmoja chumbani kwake kusomewa makosa yao. Mtoto wake wa kwanza alitekwa nyara na kuuawa mwaka 1932, na sitaki kuupuuza uchungu ule. Lakini Septemba 1941 alisimama mbele ya watu Des Moines akawataja Wayahudi kuwa ni miongoni mwa wanaoisukuma Marekani vitani, wakati ambapo wenzao Ulaya walikuwa wakiangamizwa, na hilo hakulifuta. Na familia za siri, huko Ujerumani na Uswisi, ni kweli: wanawake watatu, watoto saba, wamjua baba yao kwa jina la uongo, na yeye yuaja mara chache kwa mwaka afu apotea. Watoto watatu kati yao walithibitishwa kwa vipimo vya DNA mwaka 2003, yeye kashakufa tangu 1974. Mie mtu wa kuwadanganya watoto wake jina lake siwezi kumwita shujaa, nitamwita rubani hodari basi.

Shikamoo. Niko fomu tatu Likoni, klabu yetu yataka niandike kuhusu rubani mwanamke. Rafiki yangu asema Amelia Earhart alikuwa na majivuno na sifa za kununua. Niandike nani? (Mwanafunzi)

Marahaba mwanangu. Rafiki yako amemwonea Amelia. Mwaka 1928 alivushwa Atlantiki kama abiria, wanaume wawili ndo waliorusha, na aliposifiwa alisema wazi kuwa alikuwa mzigo tu kama gunia la viazi. Hilo neno ndo lililomsumbua mpaka 1932 akavuka peke yake. Makelele ya magazeti yalipangwa na mumewe George Putnam, aliyekuwa mchapishaji. Yeye alikuwa mkimya, kabla ya umaarufu akifanya kazi na watoto wa wahamiaji Boston.

Lakini wewe mwandike Bessie Coleman. Alizaliwa Texas 1892, mtoto wa kumi kati ya kumi na watatu, akachuma pamba, akahamia Chicago akawa akisafisha watu kucha kwenye kinyozi. Kakake aliyerudi kutoka vitani akamcheka kuwa wanawake wa Ufaransa warusha ndege, weusi wa Chicago hawawezi. Shule za Marekani zikamkataa, mweusi tena mwanamke. Akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni. Aliporudi wakataka kumweka kwenye sinema, onyesho la kwanza avae matambara na mzigo mgongoni, akatoka akawaacha. Kwao Texas walitaka weusi waingie kwenye maonyesho yake kwa mlango mwingine, akasema mlango uwe mmoja au haruki, na mlango ukawa mmoja. Usimfanye malaika: alijipunguzia miaka, akigombana na mameneja, stori zake kwa waandishi zilikuwa na chumvi. Akafa 30 Aprili 1926 huko Jacksonville, fundi wake ndo aliyekuwa akirusha, Bessie hajafunga mkanda kwa sababu alitaka kuinama atazame chini mahali pa kurukia na parashuti, ndege ikapinduka akatupwa nje. Ikaonekana spana ilikuwa imekwama kwenye mitambo.

Na mkitaka aliye hai, yuko Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways, kapteni wa Boeing 787, babake pia alikuwa rubani. Mwombe mwalimu wa klabu aandike barua kwa kampuni mapema, kabla muhula haujafungwa, wakipata nafasi huenda wakawatumia rubani mmoja aje Likoni mumuulize wenyewe.