Kabla ya kuuliza nani kafaulu, uliza nani kapimwa

Wazazi wenzangu mnaosomesha watoto Marekani, kuna jambo naliona mwaka hadi mwaka na linaniuma. Mtoto mweusi anapata alama za juu za hesabu, anasifiwa kwa utulivu wake, kisha anabaki darasa la kawaida huku wenzake wa alama zilezile wakihamishiwa darasa la wenye vipaji. Ukiuliza, unajibiwa kwamba nafasi zile ni za uwezo tu, rangi haiangaliwi.

Nami nataka nafasi zitolewe kwa uwezo. Ila nani anapelekwa kupimwa? Shule nyingi husubiri mwalimu apendekeze au mzazi aombe, na hapo ubaguzi hupenya bila mtu yeyote kutamka neno baya. Wilaya moja kubwa ya shule huko Florida iliacha kungoja mapendekezo mwaka 2005, ikaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili. Wachumi David Card na Laura Giuliano walichunguza matokeo yake: watoto weusi na Walatino walioingia waliongezeka sana, na kigezo cha kuingia hakikulegezwa hata kidogo. Bajeti ilipobana na upimaji ule ukasitishwa, idadi yao ikashuka tena. Watoto hao walikuwa na uwezo siku zote!

Kwa hiyo msingoje. Mwanangu, mwalimu alitaka "tumpe muda kwanza". Nilimwandikia mshauri wa wanafunzi, nikaambatisha alama zake, nikauliza atapimwa tarehe gani. Andikeni, msiishie kuongea mlangoni. Maneno ya mdomo husahaulika, barua hudai jibu. Alipimwa, akaingia.

Ulizeni pia sheria ya jimbo lenu. North Carolina iliamua mwaka 2018 kwamba anayepata kiwango cha juu kabisa katika mtihani wa hesabu wa jimbo apewe hesabu ya juu. Texas nayo, kwa sheria ya 2023, inawaingiza moja kwa moja katika hesabu ya juu ya darasa la sita wale asilimia 40 wa juu wa hesabu ya darasa la tano, mzazi asipokataa. Walimu wengine hawazijui sheria hizi.

Na yule mama jirani anayefanya kazi usiku, ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, mpeni barua yenu abadilishe jina la mtoto tu.